Kwa anayeanza kutunga manukato: kuhusu zabadi, ambari na miski

Wanaoanza kutunga manukato huniuliza sana: mbona hizi harufu za wanyama zinanuka vibaya, na bado mabingwa wanazisifu? Swali hilo niliwahi kuwa nalo. Siku nilipofungua kichupa changu cha kwanza cha zabadi, uto wa mnyama aitwaye fungo, niligeuza uso. Ni uto mzito wa manjano, mfano wa siagi iliyochacha, na harufu yake ni ya zizi. Nikasema ikichanganywa itatulia. Nikachovya ncha ya kijiti na kukikoroga ndani ya yasmini niliyoihangaikia wiki tatu, gramu 50 nzima. Asubuhi yake yasmini ilikuwa imezikwa. Nikamwaga yote.

Nilikuwa nimeipima zabadi kama ninavyopima maua. Haitumiki hivyo. Ukilinusa ua la yasmini mtini kwa makini, chini ya utamu utakuta kitu kizito, karibu na jasho. Hiyo ni indoli, na ua lenyewe ndilo linaloitengeneza. Mafuta mengi ya yasmini ya bei nafuu hayana uzito huo, ndiyo maana yananukia kama sabuni. Chembe ya zabadi huurudisha. Kwa hiyo zimua kwanza: gramu 1 ndani ya gramu 99 za spiriti, kisha chukua sehemu moja ya hiyo uizimue tena mara kumi. Anza na ile nyepesi zaidi, tone moja moja, juu ya mizani, na usiamue siku hiyohiyo. Chovya kijikaratasi cha kunusia, andika saa, ukinuse kesho asubuhi kabla hujala wala hujapaka chochote. Leo ninapotunga yasmini, naweka kiasi ambacho hakuna anayekitambua. Lakini nikikiondoa, watu hao hao huniambia ua limekufa.

Sasa, kabla hujaagiza, jua inatoka wapi. Zabadi ni uto wa tezi za fungo zilizo chini ya mkia. Kwa miaka mingi sehemu kubwa imetoka Ethiopia, ambako fungo hufungwa kwenye vizimba vyembamba vya miti, akabanwa na kukwanguliwa tezi kila baada ya siku kadhaa, na uto ukasafirishwa ndani ya pembe za ng'ombe. Mnyama huyu hutembea usiku peke yake, na kizimba hakimwachii hata nafasi ya kugeuka. Mimi siinunui tena. Kampuni ya manukato ya Chanel nayo inasema tangu mwaka 1998 imeacha ya asili na kutumia ya maabara. Ile ya maabara haina ukorofi wote wa asili, ni kweli, lakini kwa kazi niliyoieleza hapo juu inatosha.

Miski ni habari nzito zaidi. Hutoka kwenye kifuko kilicho karibu na kitovu cha paa dume wa miski, mnyama mdogo wa milima ya Asia asiye na pembe ila ana meno marefu yaliyochomoza. Kifuko kimoja hutoa takriban gramu 25 tu. Mitego ya kamba haichagui, hivyo majike na watoto hufa pamoja na madume. Paa wa miski wa Himalaya wamo kwenye orodha ya juu kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, ambayo hairuhusu biashara ya kimataifa, na wengine wanauzwa kwa vibali tu. Anayekuuzia miski ya asili bila karatasi ama anakuuzia uhalifu, ama anakuuzia damu kavu iliyopakwa harufu. Udanganyifu huo ni wa zamani sana.

Wala hupungukiwi kitu kikubwa. Mwaka 1888 mwanakemia Albert Baur alikuwa akitafuta baruti, akaangukia kemikali yenye harufu ya miski. Mwaka 1906 Heinrich Walbaum akatenga muskoni, kiini cha miski yenyewe, na mwaka 1926 Leopold Ružička akaonyesha kwamba ni pete ya atomi 15 za kaboni, wakati wanakemia wengi wakiamini pete kubwa kiasi hicho haiwezi kudumu. Zile za kizazi cha Baur usizitafute. Baadhi zimepigwa marufuku kwa sababu za afya na mazingira. Za leo ni nyingi, ila zina jambo moja la kushangaza: kuna watu pua zao hazisikii kabisa miski fulani, na hawajui. Niliwahi kuongeza miski ile ile mara tatu nikidhani haipo, huku mwenzangu akiziba pua upande wa pili wa meza. Tangu hapo nachanganya mbili au tatu tofauti, na kijikaratasi lazima kinuswe na mtu mwingine.

Ambari ndiyo ninayoipenda. Hutoka tumboni mwa nyangumi mkubwa anayewinda ngisi. Midomo migumu ya ngisi humkera, na donge hujijenga. Likitoka ni jeusi na linanuka kinyesi. Jua, chumvi na miaka ya kuelea baharini huligeuza kijivu, kisha karibu jeupe, na harufu inakuwa ya tumbaku, mbao kuukuu na ngozi iliyokauka juani. Ukiletewa donge, pasha sindano moto uichome: ambari huyeyuka hapo hapo ikawa kama lami ya kahawia inayonata, na moshi wake unanukia. Ukisikia harufu ya mshumaa, rudisha. Saga gramu 3, roweka kwenye gramu 97 za spiriti, tikisa kila unapokumbuka, na usiiguse kabla ya miezi sita. Ila angalia sheria za ulipo: Marekani, Australia na India zinakataza biashara yake, Uingereza na Ufaransa zinaruhusu. Pale isiporuhusiwa kuna mbadala wake, ambroksani, inayotokana na mmea wa jamii moja na mnanaa.

Nta ya nyuki na mkojo wa pimbi uliogandamana mawe nitavisema kwa kifupi: vyote vinapatikana bila kumuua mnyama, na ule wa pimbi ni mwalimu mzuri kwa anayetaka kujifunza harufu hizi bila hatia.

Kuna pia vitu vya wanyama visivyotumika kwa harufu yao. Kule Grasse, mji wa manukato nchini Ufaransa, maua yalitandazwa juu ya mafuta ya nguruwe na ya ng'ombe ili mafuta yanyonye harufu, kisha yakaoshwa kwa spiriti. Ukinunua dondoo la maua lililotengenezwa hivyo, muulize muuzaji ametumia mafuta gani, na uandike jibu lake kwenye lebo ya chupa pamoja na tarehe. Siku moja atakuja mnunuzi asiyegusa nguruwe, au asiyetumia chochote cha mnyama, atakuuliza, na utatakiwa kumjibu papo hapo.