Kwa wewe unayetaka kushuti miti mikongwe

Mti hautembei, haujibu swali, hauogopi kamera. Ndiyo maana vijana wengi wanaonifuata hapa Tabora na wazo la filamu ya miti mikongwe hudhani kazi ni nyepesi: funga kamera kwenye stendi, mtangazaji asimame mbele ya shina, amwage maelezo. Nami nilianza hivyo hivyo. Filamu yangu ya kwanza nilipoionyesha nyumbani, shemeji alisinzia dakika ya nne, na ndiye aliyenikopesha nauli.

Tuliishuti Ujiji, pale penye kumbukumbu ya Livingstone. Mtangazaji wetu alikuwa na sauti ya redio hasa. Akaweka kiganja kwenye mwembe, akatazama kamera: "Ni chini ya mti huu huu, mwaka 1871, Stanley alipokutana na Livingstone." Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kivulini, kofia magotini, akacheka kidogo.

"Mwanangu, huo ni mtoto. Mama yake alishakufa."

Na ndivyo ilivyo. Mwembe wa siku ile haupo tena. Iliyopo leo inaelezwa kuwa ni uzao wake. Mtangazaji aliona haya, mimi nikapiga kelele "kata!", tukamwomba mzee asogee, tukarudia teki safi isiyo na kosa. Ile yenye kosa niliifuta kupata nafasi kwenye kadi. Mpaka leo inaniuma. Mtu anajidai anajua, anasahihishwa, anageuka kuutazama mti upya: mtazamaji angegeuka naye. Tulichobaki nacho ni sauti nzuri na gome.

Kwa hiyo siku hizi skripti ya mtangazaji naiandika kwa maswali. Aya ndefu nazikata. Nampa pia kazi ya mikono: apime shina kwa kamba ya katani, aite watoto watatu wa jirani waukumbatie naye waone kama mikono inakutana. Mita sita kwa maneno hazimwingii mtu kichwani. Mtoto aliyebandika shavu kwenye gome huku akitafuta vidole vya mwenzake, huyo anakumbukwa.

Umri ndio mtego mkubwa. Kila mwenyeji atakwambia mti wake una miaka mia tano. Mwembe kwa kawaida hauna pete za mwaka zinazosomeka vizuri, na mbuyu mkubwa mara nyingi uko wazi tumboni, kwa hiyo namba ya kurusha tu itakuumbua. Heri usimulie kinachojulikana. Mwembe asili yake ni Asia. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ilikuwa zaidi ya kilomita 1,000, na wazee wa huku husimulia kwamba miembe mingi iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na wapagazi na watumwa. Mpe mtangazaji embe, ale akitembea, kokwa ibaki mkononi wakati anasimulia. Hapo hahitaji hata kupandisha sauti.

Suala la hifadhi usilibandike mwishoni kama tangazo la wizara. Litafute ndani ya maisha ya mtu. Mimi nililipata kwa mfuga nyuki mmoja msituni. Anaipenda miyombo kuliko bwana misitu yeyote, maana bila maua yake hakuna asali. Lakini mzinga wake ni wa gome, na mti ukishabanduliwa gome kuzunguka shina lote unakufa. Mtangazaji alimuuliza taratibu, "Sasa baba, huu ulikufaje?" Akanyamaza, akaupapasa mti mkavu, akasema, "Niliuua mimi." Hatukuweka muziki hapo. Jirani zake wanaokata kuni za kukaushia tumbaku nao wana watoto wanaosoma; wahoji bila kuwasuta, la sivyo umetengeneza filamu ya kugombeza watu.

Mengine ni ya ufundi, nayapitia haraka. Kivuli cha mwembe ni kizito: saa sita mchana uso wa mtangazaji utakuwa giza na mbingu nyuma nyeupe pe, au atakuwa na madoa ya mwanga kama chui. Shuti kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, kisha rudi saa kumi na nusu jioni. Maiki ya shati ivalishe manyoya, majani yana kelele kuliko unavyodhani. Ukitaka miyombo ikiwa na sura yake bora, njoo Septemba au Oktoba, inapochipua majani mekundu kabla mvua haijaanza. Vibali vya Bodi ya Filamu na TFS, wakala wa huduma za misitu, anza kuvitafuta mapema, na kama una droni, cha TCAA pia, mamlaka ya usafiri wa anga. Droni yenyewe itumie mara moja au mbili. Ukiona mti kutoka juu tu, unafanana na kabichi.

Na nunua kadi ya pili. Ukisema "kata", mpiga picha asizime kwanza, ahesabu mpaka ishirini kimoyomoyo. Mzee akiwa amekaa kivulini, msalimieni kabla hamjafungua begi, mwacheni akae pale pale alipo, na maiki moja ielekee upande wake.