Maswali ya Wasomaji: Ameambiwa na Mungu auze shamba

SWALI: Assalamu alaikum. Mjomba wangu, nahodha wa siku nyingi, anasema Mwenyezi Mungu humwita kwa jina kabla ya adhana ya alfajiri. Juzi kaambiwa auze shamba la minazi la marehemu babu, anunue boti ya injini. Si mwongo, halewi, hatafuni muguka. Tumwamini au tumpeleke hospitali? – Binti wa Langoni, Lamu

JIBU: Waalaikumu salamu. Kwamba mjomba amesikia, likubalini, wala msimbishie. Nani aliyesema ni suala jingine, na kesi yenu iko hapo.

Tazameni saa kwanza. Kuitwa jina au kusikia hodi hutokea sana mtu anapotoka usingizini: ndoto haijakatika na masikio yameshaamka, basi neno la ndotoni husikika kama limetoka dirishani. Jinamizi lina asili hiyohiyo, ila hapo akili huamka na viungo vikabaki vimelala. Haya huwapata watu wenye akili timamu, hasa wanaolala kwa kukatizwa, na nahodha anayeamka kufuata maji kujaa na kupwa ni mmoja wao. Apimwe masikio pia. Kwa wazee, usikivu ukipungua, ubongo huweza kujitungia sauti.

Kisha tazameni maneno yenyewe. Mwaka 2009 Nicholas Epley wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake walitoa utafiti ambamo Wamarekani walitakiwa kuhutubia juu ya adhabu ya kifo, wengine wakiitetea, wengine wakiipinga. Kule kuhutubia kulisogeza maoni yao wenyewe. Walipoulizwa Mungu anaonaje, jibu nalo likasogea upande uleule, ilhali makisio yao juu ya maoni ya watu wengine hayakusogea kwa kiasi hicho. Utafiti huo hauamui kama Mungu husema na waja wake. Unaonyesha jinsi ilivyo rahisi mtu kumpa Mungu rai yake bila kujua. Basi muulizeni mjomba kwa adabu: hamu ya boti ilianza kabla ya sauti, au baada? Sauti inayomkataza mtu anachokitaka ina uzito kuliko hii.

Wekeni daftari kwa mwezi mmoja. Kila akisikia, aandike kabla hajasema na mtu: tarehe, saa, maneno kama yalivyosemwa bila tafsiri, amelala saa ngapi, ana homa au ametumia dawa gani. Kama ni habari ya jambo litakalokuja, aandike litatokea lini, na nini kitaonyesha kwamba halikutokea. Apige picha ukurasa huo na kumtumia mtu asiye na fungu katika shamba, ili saa ijulikane. Wengi huharibu kwa kuandika baada ya tukio, au kwa kuhesabu yaliyotimia na kuyasahau yaliyokosa. Na ujumbe kama “heri inakuja” haupimiki, kwa sababu hauna namna ya kukosea.

Kwa upande wa dini, hadithi iliyomo katika Sahih Muslim inazigawa ndoto mara tatu: bishara ya Mwenyezi Mungu, huzuni itokayo kwa shetani, na mazungumzo ya mtu na nafsi yake. Istikhara, yaani kumwomba Mungu uongozi kabla ya kuamua jambo, nayo ni rakaa mbili na dua. Hadithi yake haikutaja kwamba lazima mtu aote. Na hata ndoto ya kweli haihamishi fungu la mrithi: bila ridhaa ya warithi wote, shamba haliuzwi.

Hospitali ya King Fahd mpelekeni akianza kusikia sauti mchana akiwa macho, zikimwamuru kujidhuru au kudhuru mtu, au akikosa usingizi siku kadhaa. Mzee akichanganyikiwa ghafla, mpelekeni siku hiyohiyo. Huenda ni maambukizi, sukari au dawa.

SWALI: Kiongozi wetu wa maombi ameambiwa na Roho tufunge siku saba, bila chakula wala maji. Kukataa si kumpinga Mungu? – Mama wa watoto watatu, Malindi

JIBU: Mama, usifunge hivyo, na watoto wasiguswe kabisa na jambo hili. Bila maji mtu huweza kufa ndani ya siku chache. Kabla ya hapo figo hulemewa, chumvi za mwili huvurugika na akili huchanganyika, hata mtu akaona na kusikia visivyokuwapo. Ndiyo maana kadiri mfungo unavyoendelea “uthibitisho” huongezeka: kiu inajitolea ushahidi yenyewe.

Waraka wa 1 Yohana 4:1 unaagiza roho zijaribiwe, kwa hiyo kuuliza si uasi. Samweli naye alidhani mara tatu kwamba Eli ndiye anayemwita. Mwulizeni kiongozi wenu: nani katika kundi ana ruhusa ya kusema ujumbe huu si sahihi? Kama hakuna, ondoka. Shakahola, msitu ambako mhubiri anadaiwa kuwaambia wafuasi wake wafunge hadi kufa, iko karibu mno na Malindi kwa mtu kujifanya hajui. Tangu 2023 miili zaidi ya 400 imefukuliwa huko. Watoto wakilazimishwa kufunga, mwone chifu au polisi leo, au piga 116, simu ya kusaidia watoto, bila malipo.

SWALI: Nikiweka simu irekodi usiku, nitajua sauti ninazosikia zinatoka wapi? – Kijana, Shela

JIBU: Nusu. Ikinasa sauti, ni ya nje: jirani, redio, spika ya msikiti. Isiponasa, huenda sauti ilitoka kichwani mwako, au simu ilikuwa mbali. Jaribu kwanza kwa mtu kunong’ona mlangoni, na uizime feni.