Maswali ya Wasomaji: Mkalimani wa Lugha ya Alama Mbele ya Daktari

Barua tulizochagua kwa toleo hili zote zinahusu mgonjwa kiziwi anayekutana na daktari asiyejua lugha ya alama. Majina ya walioandika tumeyahifadhi. Anayejibu ni mkalimani wa lugha ya alama ambaye sehemu kubwa ya kazi yake imekuwa hospitalini.

SWALI: Mama yangu ni kiziwi, nami ni binti yake wa kwanza. Tangu nilipokuwa na umri wa miaka tisa ni mimi ninayemfasiria kila aendapo kutibiwa. Mwezi uliopita daktari aliniambia kwamba uvimbe alio nao mama ni saratani, akanitaka nimweleze. Mikono ilikataa. Nilimwambia ni uvimbe unaohitaji dawa za muda mrefu. Mama alitabasamu, akamshukuru daktari, na daktari akamsifu kwa ujasiri wake. Sasa matibabu yanakaribia kuanza, naye hajui anatibiwa nini. Je, nilikosea? Na nitatokaje hapa?

JIBU: Dada yangu, pole kwa mzigo ambao haukupaswa kuwa wako. Siwezi kukuambia kwamba uliyoyasema hayana madhara, kwa sababu mtu mzima mwenye akili timamu anakaribia kukubali matibabu ya ugonjwa asioujua, na kukubali kwa namna hiyo hakuwezi kuitwa ridhaa. Lakini kosa la kwanza lilitendeka kabla hujainua mikono, pale daktari alipokutazama wewe, binti wa mgonjwa uliyekuwa ukipokea habari mbaya wakati uleule, akadhani amemwona mkalimani.

Tatizo la ndugu kufasiri halianzii katika kujua au kutojua alama. Ndugu anapenda, anaogopa, anaona haya. Mtoto hawezi kumuuliza mama yake habari za unyumba, na mama hatazisema mbele ya mtoto hata kama ndizo zenye kuonyesha chanzo cha maumivu yake. Zaidi ya hayo, alama mnazotumia nyumbani zimezaliwa na mambo ya nyumbani, na huenda hazijawahi kuhitajika kueleza tofauti kati ya uvimbe wa kawaida na saratani, au kati ya dawa ya kutuliza na dawa ya kuponya. Nchini Marekani kanuni za utekelezaji wa sheria ya mwaka 1990 ya haki za watu wenye ulemavu zinaizuia hospitali kumtegemea mtoto mdogo kuwa mkalimani, isipokuwa katika dharura inayohatarisha usalama au ustawi wa mtu au wa umma na mkalimani hajapatikana. Wewe ulianza ukiwa na miaka tisa, na nadhani hakuna aliyekuuliza kama uliweza.

Angalia pia kwamba daktari naye alipotoshwa. Inawezekana sana kwamba katika faili ameandika kuwa mgonjwa ameelezwa na amepokea kwa utulivu, na maamuzi yatakayofuata yatajengwa juu ya maandishi hayo. Watu husema kwamba mkalimani amekuja kwa ajili ya kiziwi. Mimi naona kauli hiyo ndiyo mzizi wa mengi tunayoyalalamikia, maana chumbani mle wasioelewana ni wawili. Mama hajui lugha ya daktari, na daktari hajui lugha ya mama. Daktari asiye na mkalimani anatibu mtu ambaye hajamsikiliza.

Kutoka hapo ulipo kunawezekana. Kabla ya miadi ijayo, nenda kwa daktari au muuguzi anayeshughulikia matibabu ya mama, umweleze bila kuficha kwamba taarifa ya ugonjwa haikumfikia mgonjwa, na uombe mkalimani aliyefunzwa awepo ili daktari aeleze upya tangu mwanzo. Usimwombe mkalimani huyo apunguze makali ya habari, kwa sababu atakataa, na akikubali basi si mkalimani. Yeye atatoa kila linalosemwa, na kama mama hajawahi kukutana na alama ya saratani, hatabuni maelezo yake mwenyewe, bali atamrudia daktari na kumwomba afafanue ugonjwa wenyewe ni nini na unafanya nini mwilini. Siku hiyo wewe kaa karibu na mama, mahali anapoweza kukuona, ukiwa binti yake tu. Akikukasirikia, mwache akasirike, kwani ana haki hiyo, na ni heri akukasirikie wewe akiwa anajua ugonjwa wake.

SWALI: Mimi ni muuguzi. Katika wodi yetu tumempokea bubu mmoja ambaye anajua kusoma na kuandika, na wenzangu wanasema anaweza pia kusoma midomo. Kwa nini tuhangaike kutafuta mkalimani wakati kalamu na karatasi vipo? Na akija, sisi tufanye nini?

JIBU: Ndugu muuguzi, nianze na neno moja. Viziwi wengi hawapendi kuitwa bubu, kwa kuwa neno hilo linadai kwamba hawana lugha, nao wanayo. Mtaalamu wa lugha William Stokoe alionyesha tangu mwaka 1960, akichunguza lugha ya alama ya Marekani, kwamba alama zina viungo na mpangilio wake kama ilivyo kwa lugha yoyote. Mwite kiziwi, au bora zaidi, mwite kwa jina lake.

Sasa midomo. Simama mbele ya kioo, useme bila sauti: baba, papa, mama. Midomo yako imefanya kitu kilekile mara tatu. Rudia kwa pili na bili. Sauti nyingi hutengenezwa nyuma ya meno na kooni, mahali jicho halifiki, kwa hiyo asomaye midomo huona sehemu tu ya maneno na kukisia yaliyobaki kutokana na mazingira ya mazungumzo. Mtu mwenye homa, aliyelala chali, akitazama mdomo wa mgeni uliofunikwa barakoa, atakisia nini?

Karatasi ina nafasi yake. Kumwandikia mgonjwa kwamba atapelekwa kupiga picha ya kifua baada ya nusu saa hakuhitaji mkalimani, mradi asome na aelewe. Lakini kwa viziwi wengi lugha ya maandishi ni lugha ya pili, waliyoifunza bila kuisikia hata siku moja, na sarufi yake iko mbali na sarufi ya alama. Pia lugha yetu wenyewe ina mitego ambayo anayesikia haioni tena. Ukiandika «kidonge kimoja kila saa 8», wewe umekusudia vidonge vitatu kwa siku, ilhali anayesoma anaweza kuelewa kwamba anywe kimoja kila siku ifikapo saa nane. Ukimwandikia kwamba matokeo ya kipimo ni chanya, anaweza kushangilia. Ukimwambia ana sukari, atashangaa. Sisi tunaosikia tulijifunza maana ya maneno haya bila kufundishwa, tukisikiliza redio na mazungumzo ya wakubwa wakiugua na kuuguzana, na elimu hiyo ya kuokota njiani ndiyo humpita kiziwi, hata awe na akili nyingi kiasi gani. Kwa hiyo historia ya ugonjwa, matokeo ya vipimo, ridhaa ya upasuaji na maelekezo ya dawa wakati wa kuruhusiwa kwenda nyumbani si mambo ya kuandikiana kwenye vipande vya karatasi. Kanuni za Marekani nilizozitaja huangalia jambo lilelile, yaani urefu na ugumu wa mazungumzo.

Mkalimani akija, mpe dakika chache umdokeze kinachokwenda kuzungumzwa. Mweke kando yako, nyuma kidogo ya bega lako, ili mgonjwa awaone nyote wawili kwa mtazamo mmoja, na dirisha lenye mwanga mkali lisiwe nyuma yenu. Kisha zungumza na mgonjwa. Usimwambie mkalimani «muulize anaumwa wapi», bali mtazame mgonjwa umuulize, «Unaumwa wapi?» Mkalimani atasema «mimi» akimaanisha mgonjwa, na mwanzoni utasikia ajabu, ila baada ya dakika tano utazoea. Mazungumzo yakiwa marefu, mtaona wakalimani wawili wakipokezana kila baada ya dakika 20 au 30 hivi, si kwa uvivu, bali kwa sababu akili ikichoka makosa huanza kabla mwenyewe hajayatambua.

Yako mengine ambayo ni wauguzi tu wanaoweza kuyaokoa. Kabla ya kuweka dripu, uliza ni mkono upi anaotumia zaidi kuongea, kisha uchome mwingine, kwa maana kuufunga mkono ule ni kama kumziba mtu mdomo. Miwani ivuliwe mwisho kabisa kabla ya upasuaji na irudishwe mapema anapozinduka. Pale taa zinapozimwa ili kupiga ultrasaundi, elezeni kila kitu kabla ya giza, mkubaliane pia ishara ya kumgusa bega avute pumzi na ya kumgusa mara mbili aiachie, au muache taa ndogo ikimwangaza mkalimani. Wala msimuulize kama ameelewa. Atatikisa kichwa, na kutikisa kichwa kwake mara nyingi kuna maana kwamba anakufuatilia tu. Mwombe akueleze mwenyewe atakavyotumia dawa akifika nyumbani, na hapo utajua.

SWALI: Mimi ni kiziwi. Mkalimani anayeletwa ninapokwenda kutibiwa ndiye anayetufasiria kwenye mikutano ya viziwi, ananijua mimi, mke wangu na rafiki zangu. Nina tatizo la faragha ambalo sijamwambia daktari kwa sababu yake. Nifanyeje?

JIBU: Kaka, una haki ya kumkataa, na huna wajibu wa kutoa sababu. Waambie watu wa mapokezi kwamba kwa miadi hii unahitaji mkalimani mwingine, na kama ungependa awe mwanamume, sema hivyo pia. Anayeijua kazi yake hachukii. Mimi nimekataliwa zaidi ya mara moja, nikaenda zangu.

Nikutoe hofu upande mmoja hata hivyo. Siri ya mgonjwa ni msingi wa miiko ya ukalimani, na mkalimani aliyefunzwa hatamgusia mkeo wala rafiki kwamba alikuona hospitalini, achilia mbali ulichosema ukiwa humo. Daktari akitoka chumbani, wengi wetu hutoka naye, ili pasiwe na mazungumzo ya kando ambayo baadaye yatatufanya tujue mambo ambayo daktari hayajui. Daktari akimuuliza mkalimani, «Huyu ni mtu wa namna gani?», jibu ni kukufasiria swali hilo kama lilivyo. Ikiwa mkalimani wako ana tabia ya kujibu kwa niaba yako, au ya kukusimulia habari za wagonjwa wengine, basi wasiwasi wako una msingi, nawe mlalamikie kwa chama chake au kwa waliomleta.

Ikiwa viziwi mlipo ni wachache na wakalimani ni wachache zaidi, omba mkalimani wa mbali kwa njia ya video. Hapo umbali una faida.

SWALI: Hospitali moja ilimwambia shangazi yangu kiziwi aje na mkalimani wake na amlipe mwenyewe. Hii ni sawa?

JIBU: Si sawa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa tarehe 13 Desemba 2006, unawataja wakalimani weledi wa lugha ya alama katika Ibara ya 9, na katika Ibara ya 25 unataka watu wenye ulemavu wapewe huduma za afya zenye ubora uleule wanaopewa wengine, kwa ridhaa ya hiari iliyotokana na taarifa kamili. Nchi iliyouridhia imejifunga kuutekeleza.

Kesi ninayopenda kuitaja ni ya Kanada. Mama mmoja kiziwi alijifungua mapacha kabla ya wakati, bila mkalimani. Muuguzi alimwashiria kwa mikono kwamba mapigo ya moyo wa mtoto mmoja yameshuka, na watoto walipozaliwa waliondolewa mara moja, naye akaachiwa kikaratasi kinachosema kwamba hawajambo. Serikali ya jimbo ilidai kwamba ukalimani ni huduma ya ziada, nje ya matibabu. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya Kanada, kwa kauli moja, ilikataa hoja hiyo na kuamua kwamba mawasiliano ni sehemu ya matibabu yenyewe, hivyo kutotoa mkalimani pale anapohitajika ili mgonjwa na daktari waelewane ni ubaguzi. Shangazi yako aombe jibu la hospitali kwa maandishi. Wengi hubadili msimamo wanapotakiwa kuuandika.

SWALI: Je, mkalimani wa kwenye video anatosha?

JIBU: Kwa mazungumzo mafupi, au usiku wa manane kabla mkalimani hajafika, anasaidia sana. Lakini mgonjwa aliyelala chali, mama aliye katika uchungu, mzee mwenye macho dhaifu, au chumba chenye watu watano wanaozungumza kwa zamu, wote hao video huwashinda. Kanuni za Marekani za mwaka 2010 zinataka picha isiyokatika, kubwa kiasi cha kuonyesha uso, mikono na vidole vya mkalimani, sauti inayosikika wazi, na wahudumu waliofundishwa kuuendesha mtambo kwa haraka. Kiziwi asiyeona hawezi kuitumia hata kidogo, kwa kuwa yeye hupokea alama kwa kugusa mikono ya mkalimani. Vilevile, yule ambaye hakufunzwa lugha ya alama na ana alama za nyumbani kwao tu, mara nyingi humhitaji mkalimani ambaye mwenyewe ni kiziwi, akishirikiana na anayesikia, wakiwa naye ana kwa ana. Mgonjwa aulizwe kabla kompyuta haijawashwa, na akisema haoni vizuri, atafutwe mkalimani wa kuja mwenyewe.