Wasomaji Wanauliza: Kenge Anaungua Mgongo, Usiku Anaganda

SWALI: Ndugu wahariri, nina kenge wa savana, urefu wake karibu mita 1. Ninamfuga kwa kibali cha UWA (Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda) hapa Kabale. Anakaa kwenye tangi la vioo la mita 1.2 lenye kifuniko cha wavu. Nimemwekea balbu moja ya wati 150 na anashinda chini yake kutwa nzima, lakini sasa ametoka kidonda mgongoni. Usiku kipimajoto kinashuka hadi nyuzi 14. Holda ya balbu nayo imeyeyuka. Nataka kumjengea kizimba kikubwa. Nianzie wapi? – Msomaji, Kabale

JIBU: Balbu hiyo izime leo. Balbu moja kali humulika duara dogo, na kenge wako ana mita nzima. Mgongo unaiva huku tumbo, mkia na miguu vikiwa bado baridi, kwa hiyo haondoki. Anangoja mwili wote upate joto, na ngozi inaungua kwanza. Kidonda akione daktari wa mifugo. Mpaka kikauke, mlaze juu ya magazeti safi, si juu ya udongo.

Kizimba kiwe na urefu wa mita 2.4 na upana wa mita 1.2. Hivyo ndivyo vipimo vya shiti ya plaiwudi, futi 8 kwa 4, kwa hiyo fundi hapotezi mbao: shiti moja ya nyuma, moja ya paa, na moja inakatwa katikati iwe pande mbili. Mbele weka milango ya kioo cha milimita 6. Chukua plaiwudi nyeusi ya kumwagia zege, ile inayoitwa marini bodi, kwa sababu haiogopi unyevu.

Lakini sanduku hilo lisikae sakafuni. Kenge wa savana ni mchimbaji. Porini hujificha mashimoni, na asipopata udongo wa kuchimba hukauka mwili hata kama maji ya kunywa yapo. Jenga msingi wa matofali, ukuta wenye unene wa tofali zima, kimo sentimita 60, upige plasta ndani, kisha plaiwudi ikae juu yake. Ukuta wa nusu tofali usikubali hata fundi akikuhakikishia: udongo mbichi unasukuma, na ufa hutokea katikati ya ule upande mrefu. Udongo wenyewe utafika karibu mita za ujazo 1.5, yaani zaidi ya tani 2. Kwa hiyo ni chumba cha chini, si cha ghorofani, chenye sakafu ya zege, basi.

Changanya sehemu 6 za udongo na 4 za mchanga. Usichote kwenye shamba la viazi. Kabale viazi hupigwa dawa ya ukungu mara nyingi, na kenge atalala ndani ya dawa hiyo. Nyunyiza maji, kisha kamata konzi moja na kuibana. Ukifungua kiganja bonge libaki zima, na ukiligusa kwa kidole lipasuke. Halafu chimba shimo la urefu wa mkono wako. Paa lake likianguka, ongeza udongo wa mfinyanzi.

Sasa joto. Kifuniko cha wavu ndicho kinachokumaliza, maana hewa ya moto hupanda na kutoka yote. Paa liwe la mbao, limefungwa. Acha tundu mbili tu za hewa, kila moja sentimita 30 kwa 5: moja chini upande wa baridi, moja juu upande wa pili. Nje ya plaiwudi gandisha povu jeupe la kufungashia televisheni, unene wa sentimita 2 au 3, ulifunike kwa ubao mwembamba.

Badala ya balbu moja, funga balbu 4 za halojeni za wati 80, zile za kumulika eneo pana, mbili kwa mbili, zikiachana sentimita 15. LED hazifai, zinatoa mwanga bila joto la kutosha. Holda ziwe za kauri. Zizungushie wavu wa chuma, kwa sababu kenge hupanda na hushika chochote. Chini yake weka jiwe bapa juu ya matofali, sentimita 40 kutoka kwenye balbu, upime uso wa jiwe baada ya saa moja. Unatafuta nyuzi 50 hadi 60. Likiwa baridi, ongeza tofali chini ya jiwe; kuinua jiwe ni rahisi kuliko kushusha balbu. Upande wa pili wa kizimba ubaki nyuzi 24 hadi 27, vinginevyo hana pa kukimbilia. Angalia kipimajoto chako pia: vile vya kupimia paji la uso, vikiwa kwenye hali ya kupima mwili, vingi haviendi mbali zaidi ya nyuzi 43.

Balbu hizo zikiwaka kwa saa 12 zinakula yuniti 3.84 za Yaka (umeme wa kulipia kabla) kwa siku. Piga hesabu hiyo kabla ya kununua hata msumari.

Usiku zima mwanga wote. Tumia kipasha joto cha kauri cha wati 150 kisichotoa mwanga, kikiongozwa na themostati (kifaa kinachowasha na kuzima joto chenyewe) uliyoiweka nyuzi 23. Themostati za mashine za kutotolea vifaranga zinafaa kabisa. Ulizia kwenye maduka ya pembejeo ya Container Village, Kampala. Waya wa kihisio cha themostati ufunge imara ukutani kwa kibano. Kenge akiung'oa ukaangukia nje, themostati itadhani kizimba kina baridi, nacho kipasha joto hakitazimika.

Umeme ukikatika, jaza jerikeni maji ya moto, uzifunge kwa gunia, uziweke upande wa joto na kufunika vioo kwa blanketi. Sigiri usiiingize chumbani kamwe. Hewa ya makaa haina harufu, nayo huua kenge na mwenye kenge.

Jua la asubuhi mpatie moja kwa moja, kwenye uzio wa wavu wenye kivuli. Kioo huzuia miale inayomsaidia kutengeneza vitamini D, na tangi la vioo juani humuua kwa dakika chache.

SWALI: Kenge mkubwa kutoka ziwani anakula mayai ya kuku wetu. Tumemkamata. Naweza kumfuga kwa njia hizo hizo? – Mama wa Jinja

JIBU: Hapana, mama. Huyo ni kenge wa majini. Hufika mita 2 na anahitaji bwawa la kuogelea, si shimo la udongo. Tena kumweka bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2019. Waite UWA wamchukue, na msimshike mkia wala shingo, maana anauma na mkia wake unachapa kama fimbo. Banda lizungushieni wavu wa chuma wa matundu ya nusu inchi, mkiufukia sentimita 30 chini ya ardhi na kuukunja kwa nje, na mayai yaokotwe kabla ya saa nne asubuhi.