Perpetua wa Karthago: maneno yake mwenyewe yapo

Ndugu, umeuliza kama kuna shahidi wa Kanisa la mwanzo, yaani Mkristo aliyeuawa kwa ajili ya imani yake, kutoka Afrika aliyeandika habari zake mwenyewe. Yupo: Perpetua wa Karthago, Tunisia ya leo, aliyeuawa tarehe 7 Machi 203. Alikuwa na miaka kama 22, mama anayenyonyesha, wa familia yenye hadhi.

Soma kumbukumbu alizoandika gerezani. Kinachonigusa zaidi ni baba yake, mzee asiye Mkristo, akimbusu mikono na kumsihi amhurumie yeye na mtoto. Perpetua alimhurumia kweli, lakini mbele ya liwali Hilarianus akajibu, "Mimi ni Mkristo."

Felisita, mtumwa aliyefungwa pamoja naye, alijifungulia mle gerezani. Kifo chao kilisimuliwa na mwandishi mwingine: uwanjani Perpetua aliporushwa na ng'ombe mkali, aliomba kibanio afunge nywele, maana nywele zilizotimka zilikuwa dalili ya maombolezo, naye hakuwa akiomboleza.

Mtakatifu Agustino, askofu wa Afrika Kaskazini, aliwahubiria waumini habari zao. Hata leo wote wawili wanatajwa katika Sala ya Ekaristi ya kwanza, mojawapo ya sala kuu za Misa ya Wakatoliki.