Muulize Kihisi Chako cha Sumaku Kabla Hujaandika Programu

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Kaka, bodi yangu ya dira inatoa sifuri tupu, na programu inasema kihisi hakipo. Nadhani nimeuziwa kibovu." Ujumbe wa namna hii nimekwisha kuuzoea. Karibu kila anayeniuliza ana bodi ile ndogo ya bluu ya kihisi cha sumaku iitwayo GY-271, kompyuta ya Raspberry Pi, na maktaba ya programu aliyoipakua mtandaoni bila kujua iliandikwa kwa ajili ya chipu ipi. Jibu langu huwa ni lile lile: weka programu pembeni, fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, kisha uzungumze na kihisi chenyewe kwa amri.

Kuunganisha hakuna mambo mengi. Umeme wa volti 3.3 unatoka kwenye pini ya 1, SDA (waya wa data) inakwenda pini ya 3, SCL (waya wa saa) pini ya 5, na ardhi pini ya 6. Ukishawasha I2C, njia ya mawasiliano inayotumia nyaya hizo mbili, ndani ya menyu ya mipangilio ya raspi-config na kusakinisha kifurushi cha i2c-tools, andika i2cdetect -y 1 na usome jedwali litakalojitokeza. Namba utakayoiona ni anwani ya chipu, kwa mfumo wa kumi na sita. Ukiona 1e, unayo HMC5883L ya kampuni ya Honeywell. Ukiona 0d, unayo QMC5883L ya kampuni ya QST ya China. Ukiona 2c, huenda ni QMC5883P, ambayo ni toleo la baadaye. Jedwali likiwa tupu kabisa, kagua nyaya na pini ulizolehemu kabla ya kumlaumu muuzaji.

Hapo ndipo msomaji wangu alipokwama, na hana kosa. QST walipata leseni ya teknolojia ya Honeywell, wakatoa chipu yenye jina linalofanana mno na lile la awali, na wauzaji wakaendelea kuiuza bodi kwa maelezo ya zamani. Ndani, hata hivyo, chipu hizo mbili zimepangwa tofauti kabisa. HMC5883L huanza kutoa vipimo kwenye rejista (chumba kidogo cha kumbukumbu ndani ya chipu) ya 0x03, kwa mfuatano wa X, Z, Y, huku baiti kubwa, yaani yenye uzito zaidi katika namba, ikitangulia. QMC5883L huanza kwenye 0x00, kwa mfuatano wa X, Y, Z, huku baiti ndogo ikitangulia. Maktaba ya ile ya kwanza haiwezi kuisoma ya pili hata ukiiombea. Ukitaka uhakika zaidi, soma rejista za 0x0a hadi 0x0c za HMC5883L, nazo zitakujibu 0x48, 0x34 na 0x33, yaani herufi H na tarakimu 4 na 3. QMC5883L ina rejista ya utambulisho kwenye 0x0d, na jibu lake sahihi ni 0xff. Wengi wakiiona hiyo ff huamini kwamba chipu imeungua.

Nayasema haya kwa sababu yalinigharimu heshima mbele za watu. Ofisi moja jijini Dar es Salaam, ambayo sitaitaja, ilinialika nieleze namna ya kupima matumizi ya maji ya wapangaji bila kukata bomba wala kufungua mita. Wazo langu lilikuwa rahisi: mita nyingi za maji zina sumaku ndogo inayozunguka pamoja na gurudumu la ndani, ili kuhamisha mzunguko kwenda kwenye sehemu kavu yenye tarakimu, na sumaku inayozunguka inaweza kusikika kutoka nje ya mita. Nilifungua terminali na kuanza kuandika amri. Mtaalamu wao, kijana aliyevaa kadi ya kazi shingoni, akacheka na kusema kwamba siku hizi hakuna anayefanya kazi kwenye skrini nyeusi, kwamba bodi ya bei ile ni kitu cha kuchezea watoto, na kwamba wao wangeagiza mfumo kamili kutoka nje. Wakubwa waliokuwepo wakacheka pamoja naye. Nilikunja nyaya zangu nikaondoka. Sitasema kwamba nimesahau, kwa maana sijasahau, na kila ninapoandika i2cget, amri ya kusoma rejista, huwa namkumbuka yule kijana na kadi yake.

Turudi kwenye amri zenyewe. Kwa QMC5883L, anza na i2cset -y 1 0x0d 0x0b 0x01 (njia, anwani, rejista, kisha thamani ya kuandika), kama mtengenezaji anavyopendekeza, kisha i2cset -y 1 0x0d 0x09 0x01, ambayo inakiamuru kihisi kipime mfululizo mara 10 kwa sekunde katika upeo wa gausi 2 (gausi ni kizio cha nguvu ya sumaku). Kabla ya amri hiyo ya pili kihisi kimelala, na ndiyo maana watu huona sifuri. Sasa andika i2cget -y 1 0x0d 0x00 w, nawe utapata thamani ya mhimili wa X. Tuseme imekujibu 0xfb2e. Hiyo ni 64302, lakini namba yoyote inayozidi 32767 ni hasi, kwa hiyo utatoa 65536 na kubaki na -1234. Herufi w inasoma baiti mbili kwa pamoja na kuichukulia ya kwanza kuwa ndogo, jambo linaloifaa QMC5883L bila marekebisho. Ukiitumia kwa HMC5883L, thamani ile ile itatokea ikiwa imegeuzwa, 0x2efb, yaani 12027, namba ambayo chipu hiyo haiwezi kuitoa kwa kuwa mwisho wake ni 2047. Nimewaona watu wakihangaika na namba za aina hiyo, wakizungusha bodi huku na huko na kulaumu nondo za ukutani, ilhali ni baiti mbili tu zilizopishana.

Kasoro ya kusoma mhimili mmoja baada ya mwingine ni kwamba X inaweza kuwa ya kipimo hiki na Z ya kipimo kinachofuata. Kwa hiyo mimi hutumia i2ctransfer -y 1 w1@0x0d 0x00 r6, inayoleta baiti zote sita kwa mkupuo mmoja.

Namba zikishapatikana, usiziamini bado. Uga wa sumaku wa dunia una nguvu ya mikrotesla 25 hadi 65 kutegemea mahali, na huku kwetu, karibu na ikweta, uko upande wa chini. Dar es Salaam ni takriban mikrotesla 33, sawa na gausi 0.33. Katika upeo wa gausi 2, QMC5883L hutoa hesabu 12000 kwa kila gausi moja, kwa hiyo thamani ya kila mhimili ikizidishwa kwa yenyewe, zote tatu zikajumlishwa, kisha jumla ikatafutiwa kipeuo cha pili, unapaswa kupata kama 4000. Ukipata 9000 juu ya meza ya ofisini, angalia kama kuna spika, simu au bisibisi jirani, au miguu ya chuma chini ya meza. Ukizungusha bodi taratibu pande zote na jumla hiyo ikawa inapanda na kushuka sana, tafuta thamani kubwa na ndogo ya kila mhimili, chukua nusu ya jumla yao, na uitoe kwenye vipimo vyako. Jambo jingine ambalo maelezo mengi ya mtandaoni hayalisemi, kwa sababu yameandikwa na watu wa kaskazini: huku kwetu, kusini mwa ikweta ya sumaku, uga unatoka ardhini kuelekea juu, kwa hiyo alama ya mhimili wa wima itakuwa kinyume na mifano yao, na si kosa la bodi yako.

Sasa nije kwenye mita ya maji, kwa sababu mwezi huu imekamilika, na sioni aibu kujisifu. Mwenye nyumba mmoja, mzee aliyechoka kusuluhisha ugomvi wa bili kati ya wapangaji wake, alinipa nafasi ambayo ile ofisi ilininyima. Nilifunga bodi kwenye ubavu wa mita kwa utepe, nikasoma rejista ya hali kwa i2cget -y 1 0x0d 0x06, na ikajibu 0x03: biti ya kwanza ikisema kipimo kiko tayari, ya pili ikisema uga umezidi upeo. Sumaku ya mita ilikuwa na nguvu kuliko gausi 2. Nikaandika 0x1d kwenye rejista ya 0x09, yaani gausi 8 na vipimo 200 kwa sekunde, kisha nikamwomba mzee afungue bomba. Namba za X zilianza kupanda hadi juu, kushuka chini ya sifuri na kupanda tena, na alipokaza bomba zikapungua kasi, kisha zikasimama. Tulijaza ndoo ya lita 20 huku awk, programu ndogo ya kuchambua maandishi, ikihesabu kila X inapovuka katikati, tukarudia hadi hesabu zikafanana, na hapo tukajua kila wimbi lina maji kiasi gani. Mzee hakuuliza skrini ina rangi gani.

Kwa hiyo, vijana wenzangu, msikubali kuaibishwa kwa kutumia zana iliyo wazi. Anayeficha kila kitu ndani ya maktaba hawezi kukwambia kosa liko kwenye waya, kwenye anwani, kwenye mpangilio wa baiti au kwenye hesabu yake mwenyewe, ilhali amri nne zinakujibu yote hayo kabla chai haijapoa. Someni hati ya mtengenezaji, hasa jedwali la rejista, na mlisome tena. Kuweni na adabu pia: ile -y inaondoa swali la uthibitisho, na i2cset haijui unaandikia nini. Kwenye kompyuta ya mapajani, njia ya I2C inaweza kuwa inahudumia pia kumbukumbu za vipande vya RAM, na amri iliyokosewa anwani inaweza kuviharibu kabisa. Fanyeni majaribio yenu kwenye njia ya 1 ya Raspberry Pi, ambayo mmeifunga wenyewe.

Wenye HMC5883L wana njia ya ziada, kwa kuwa Linux, mfumo unaoendesha Raspberry Pi, ina kiendeshi chake, yaani programu ya kuizungumzia chipu. Andika "hmc5883 0x1e" kwenye faili ya new_device ya njia hiyo, na vipimo vitasomeka kwa cat kutoka in_magn_x_raw ndani ya /sys/bus/iio/devices. Baada ya hapo i2cdetect itaonyesha UU mahali pa 1e, ishara kwamba kiendeshi kimeishika chipu, na i2cget itakataa mpaka ukiondoe kwa delete_device. Kwa QMC5883L inayotumia betri, kama ile ya kwa mzee, usiache inapima usiku kucha bila sababu: andika 0x00 kwenye rejista ya 0x09 ili ilale, na uiamshe kwa 0x1d asubuhi wapangaji wanapoanza kuchota maji.