Darasa la kijiji, mahindi ya mama

Wiki hii wengi mmeuliza kuhusu hifadhi na majirani zake huku kwetu Ziwa Victoria. Najibu manne.

Tunaambiwa utalii unatunufaisha kwa sababu tumejengewa darasa. Tembo wamenimalizia ekari mbili za mahindi kwa usiku mmoja. Faida yangu iko wapi? (Mama mkulima, Lamadi)

Pole sana, mama. Darasa ni la kijiji kizima, hasara ni yako peke yako. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, wana mpango wa Ujirani Mwema tangu miaka ya 1980, umejenga shule na zahanati, na nauthamini. Lakini nimewahi kusimama kwenye shamba la huko kwenu asubuhi baada ya tembo kupita: nyayo pana kama ungo, mabua yamelala chini, gunzi limetafunwa nusu, na mwenye shamba anaokotea kwenye kanga yaliyosalia. Mtu huyo ukimsifia darasa, unamwongezea uchungu.

Unachostahili kudai kinaitwa kifuta jasho, malipo ya serikali kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyamapori. Jina lenyewe linakwambia kuwa si fidia. Thamani ya mavuno hairudi yote. Kanuni za 2011 ziliweka kikomo cha ekari 5, na kiwango kikategemea umbali wa shamba lako na mpaka wa hifadhi. Kwa hiyo toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji siku hiyohiyo, usiondoe mabua kabla shamba halijakaguliwa, piga picha, na udai nakala ya fomu uliyojaza. Wengi wanakosa haki yao kwa sababu walilima upya haraka. Mtu akijeruhiwa au kuuawa, madai ni ya kifuta machozi, na utaratibu unaanzia hapohapo kijijini.

Magari ya watalii yanatupita tu kuelekea lango la Ndabaka la Serengeti. Sisi vijana tunafaidi nini? (Kijana, Busega)

Vumbi, kwa sehemu kubwa, na hilo linaniuma. Mgeni, mara nyingi, amelipia kila kitu kabla hajafika kwenu. Usimsubiri barabarani, nenda kwa anayemlisha. Kambi na hoteli zinahitaji mboga, mayai na sato kila siku. Mkiwa kikundi kilichosajiliwa, chenye mzigo wa uhakika na risiti, mnaweza kuomba mkataba. Mtu mmoja na tenga lake la nyanya hasikilizwi.

Kwa nini tunazuiwa kuvua Rubondo wakati samaki wamejaa kule? (Mvuvi, Nkome)

Wamejaa kwa sababu hawavuliwi. Kisiwa cha Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977, na maji yake ni mazalia. Sangara na sato wanaokulia humo hawajui mpaka, wanatoka na kuingia kwenye nyavu zenu. Hiyo ndiyo faida ya hifadhi ninayoiamini kuliko zote, maana inamfikia mvuvi bila kupitia ofisi yoyote. Anayeingiza kokoro kule usiku anawaibia ninyi wa Nkome kwanza.

Saanane alikuwa nani? (Mwanafunzi, Kirumba)

Mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akiishi kwenye kisiwa cha Saanane, hapo Mwanza. Alihama kupisha bustani ya wanyama iliyoanzishwa 1964. Kisiwa kikawa hifadhi ya taifa 2013. Mwombeni mwalimu awapeleke. Boti huondokea upande wa Capri Point, na ni mwendo wa dakika chache tu.